Sare ya Mhudumu wa Mifugo ni Wigo

Wengi wetu tuliomaliza kisomo ni wafugaji. Baadhi yetu tunawasaidia waganga wa mifugo vijijini. Tunachanja kuku, tunaogesha ng'ombe joshoni, tunafunga vidonda, tunazalisha. Kazi hii ina heshima. Lakini ina hatari zake pia, na hatari nyingine hazionekani kwa macho.

Somo letu la leo ni jinsi ya kuchagua nguo za kazi hii. Pengine utasema, "Nguo nazo ni somo?" Ndiyo, ni somo. Hebu tuanze na mfano.

MAMA WA KANGA MBILI

Fikiria mama mmoja, mhudumu wa mifugo kijijini. Anaipenda kazi yake na mkono wake ni mwepesi. Usiku mmoja jirani anapiga hodi. "Dada, amka utusaidie! Ng'ombe wetu ametupa mimba."

Mama anatoka mbio na kanga zake mbili na ndala miguuni. Anamshika ndama mfu kwa mikono mitupu. Anaondoa kondo na uchafu. Damu na maji vinamrukia kifuani. Kunapokucha, ng'ombe amesimama na anakula majani. Watu wanashukuru sana. Wanampa jogoo.

Anarudi nyumbani. Mtoto analia. Anambeba kwa kanga ile ile.

Baada ya wiki chache mama anashikwa na homa. Homa inakuja, inaondoka, inarudi tena. Usiku anatoka jasho. Kiuno na viungo vinauma. Anameza dawa ya malaria, wapi! Hapati nafuu. Mwisho anakwenda hospitali, na daktari anamwuliza swali ambalo hakuna mtu aliyemwuliza: "Mama, unafanya kazi gani?" Damu inapimwa. Kumbe ni brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba.

Je, mama alikosa nini? Hakukosa moyo. Hakukosa ujuzi. Alikosa wigo kati ya zizi na nyumba yake. Sare ya kazi ndiyo wigo huo.

MAGONJWA YANAYOVUKA KUTOKA KWA MNYAMA

Yapo magonjwa mengi ambayo mtu huyapata kwa wanyama. Tutaje manne.

1. Brusela. Vijidudu vyake vimo kwa wingi katika kondo, maji ya uzazi na ndama aliyetupwa. Vimo pia katika maziwa mabichi. Huingia kwa mdomo, kwa macho, kwa pua na kwa mikwaruzo midogo ya ngozi.

2. Homa ya Bonde la Ufa. Iligunduliwa mwaka 1931 kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mvua kubwa za mwaka 2006 na 2007 zilileta mbu wengi, na homa hiyo ikalipuka Kenya, Somalia na Tanzania. Watu zaidi ya 200 walikufa. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wameshika mifugo migonjwa, wameichinja, au wamegusa damu yake.

3. Kimeta. Mnyama hufa ghafla, na mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi.

4. Kichaa cha mbwa. Huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa akiuma.

Na kuna magonjwa yasiyomdhuru sana mtu, lakini mtu huyachukua kwa viatu na nguo na kuyapeleka kwa jirani. Mdondo wa kuku ni mmoja. Ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe ni mwingine. Mchanjaji asiyeosha viatu vyake anaweza kupeleka chanjo na ugonjwa kwa safari moja!

KWA FUNDI CHEREHANI

Turudi kwa mama yetu. Alitibiwa, akapona. Siku moja akachukua kitambaa, akaenda kwa fundi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tulisikia ulikuwa hoi."

"Nilikuwa hoi kweli. Sasa sijambo. Nataka unishonee nguo ya kazi."

"Nikushonee koti jeupe kama la hospitali. Watu wakuone kweli ni daktari."

"Aa, mzee, koti litanipendeza hapa dukani kwako tu. Nikichuchumaa zizini litafagia mavi. Mbele liko wazi. Upepo ukilipeperusha, ng'ombe atashtuka anipige teke."

Fundi akacheka. "Basi nikushonee ovaroli. Lakini mwanangu, uvae suruali hapa kijijini? Watu watasema."

"Wacha waseme, baba. Nilipolala miezi miwili, waliosema hawakuja kunichotea maji."

Fundi akanyamaza kidogo. Kisha akachukua futi yake ya kupimia. "Simama hapa. Niambie unavyotaka."

"Nataka vipande viwili. Suruali pana, na shati refu linalofika mapajani. Ovaroli ya kipande kimoja ni nzuri, haiachi kiuno wazi. Lakini sisi akina mama tukienda chooni inabidi tuivue yote. Tena mimba ikikua, ovaroli inabana."

"Mikono mirefu au mifupi?"

"Mirefu, kwa ajili ya mbu na kupe. Lakini weka kitanzi na kifungo juu ya kiwiko, nikikunja mkono usishuke."

"Mifuko?"

"Miwili tu, yenye vifuniko. Nikiinama kipimajoto kisianguke. Na mkanda usiweke, wala kamba za kuning'inia. Pembe ikinasa kamba, nakwenda na ng'ombe."

"Kitambaa ni pamba hiki?"

"Ni kaki ya pamba."

"Basi kakiloweke kwanza, ukikaushe, ndipo ukilete nikate. Pamba hurudi. Nikikata leo, mwezi ujao suruali itakufika magotini."

Siku ya kuchukua nguo fundi hakumwacha aondoke hivi hivi. Alimwambia, "Vaa. Chuchumaa. Nyanyua mikono yote miwili. Piga hatua kama unaruka mfereji." Suruali ilibana kidogo mapajani. Fundi akaifumua, akaipanua.

Ndugu msomaji, na wewe fanya vivyo hivyo. Nguo ya kazi haijaribiwi mbele ya kioo. Inajaribiwa kwa kuchuchumaa.

KITAMBAA NA RANGI

Chagua pamba. Pamba hunywa jasho, na unaweza kuitokosa kwa maji ya moto. Nailoni hukufanya uchemke juani. Tena ikishika moto huyeyuka na kunata mwilini. Kumbuka kwamba kazi yetu mara nyingine ina moto, kama kupiga chapa au kuchoma mizoga.

Kuhusu rangi, watu wengi hununua ovaroli ya bluu kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani. Lakini kama kwenu kuna mbung'o, fikiri mara mbili. Mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Ukivaa bluu iliyokoza porini, wewe mwenyewe umekuwa mtego! Kaki ni afadhali. Nyeupe huonyesha uchafu upesi, na hilo ni jambo jema katika chumba cha kutibia. Zizini haimalizi saa moja.

MIGUU, MIKONO NA USO

Miguuni vaa mabuti ya mpira, au gambuti kama wengi tunavyoita. Chagua yenye soli ya meno ili usiteleze. Yajaribu ukiwa umevaa soksi, na vidole viweze kucheza ndani. Ingiza suruali ndani ya buti, kupe wasipande mguuni. Penye nyoka, penye miiba na penye mavi, ndala si kiatu cha kazi. Lakini usijidanganye: buti la kawaida la mpira halizuii uzito wa kwato. Angalia ng'ombe anakanyaga wapi.

Mikononi vaa glavu. Glavu nyembamba ni za kutumia mara moja tu. Zivue kwa kuzigeuza nje ndani, kisha zichome au zifukie. Glavu nene za mpira huoshwa. Kabla ya kuzivaa tena zijaze maji uone kama zinavuja. Kwa kuzalisha kuna glavu ndefu zinazofika begani. Kama dharura imekukuta huna glavu, funga mikononi mifuko ya plastiki isiyotoboka. Si kinga kamili, lakini mkono mtupu ni mbaya zaidi.

Wakati wa kuzalisha, vaa aproni ya plastiki juu ya nguo. Funika pua na mdomo kwa barakoa, na macho kwa miwani, maana maji ya uzazi huruka. Vua pete, saa, bangili na hereni. Funga nywele. Kata kucha.

Sindano iliyotumika usiitie mfukoni kamwe. Itie katika chombo kigumu chenye kifuniko. Baadhi ya chanjo, kama ile ya brusela, zina vijidudu hai, na mchanjaji akijichoma anaweza kuugua.

SARE SI HIRIZI

Ukiona mnyama amekufa ghafla na damu inamtoka, usimguse hata kama umevaa sare yako yote. Usimchune, usimpasue. Zuia watu na mbwa, kisha mwite mganga wa mifugo. Mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mama mjamzito asimsaidie mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Brusela inaweza kuharibu mimba yake. Amwite mwenzake.

KUVUA NA KUFUA

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Sare iliyovaliwa zizini ikaingia nayo chumbani haikukinga kitu. Fuata hatua hizi:

1. Kabla ya kutoka zizini, sugua mabuti kwa brashi, maji na sabuni mpaka tope liishe. Kisha yapake dawa ya kuua vijidudu. Ukipaka dawa juu ya tope, dawa haifanyi kazi.

2. Pima dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ndiyo faida ya kujua kusoma! Usichanganye dawa mbili katika ndoo moja.

3. Vua sare nje ya nyumba, au bafuni. Osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Oga.

4. Sare iwe na beseni lake. Usiifue pamoja na nguo za watoto wala vyombo vya chakula. Itokose kwa maji ya moto na sabuni, kisha uianike juani mpaka ikauke kabisa.

HESABU YA SARE

Mhudumu anahitaji sare mbili: moja mwilini, moja kwenye kamba. Mwenye sare moja huivaa chafu.

Tuseme fundi anataka mita 4 kwa sare moja. Sare mbili ni mita 8. Tuseme kitambaa hurudi sentimita 5 kwa kila mita. Ukinunua mita 8 kamili, kitapungua sentimita 40, nawe utapungukiwa. Nunua mita 8 na nusu. Kitapungua sentimita 42 na nusu, na zitabaki mita 8 na kidogo. Kidogo hicho kitatoa kiraka.

USIKU MWINGINE

Miezi ikapita. Usiku mmoja mama yetu akasikia tena hodi. "Dada, njoo haraka, mbuzi anazaa, kakwama!"

"Nakuja. Ngoja nivae."

"Aa, dada, njoo hivyo hivyo!"

"Ngoja nivae."

Alivaa. Akaenda, akamzalisha mbuzi watoto wawili. Aliporudi, mtoto wake alikuwa ameamka, akamkimbilia mlangoni huku amenyoosha mikono. Mama akamwambia, "Subiri, mwanangu." Akaenda bafuni, akavua, akaoga, akavaa kanga safi. Ndipo akambeba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja magonjwa mawili ambayo mtu anaweza kuyapata kwa kumhudumia mnyama aliyetupa mimba.
2. Kwa nini bluu si rangi nzuri penye mbung'o?
3. Kwa nini tunaosha tope kabla ya kupaka dawa kwenye mabuti?
4. Fundi anataka mita 3 na nusu kwa sare moja. Sare mbili ni mita ngapi? Kitambaa kikirudi sentimita 5 kila mita, utanunua mita ngapi?
5. Katika kijiji chenu, wahudumu wa mifugo huvaa nini? Kijiji kinaweza kuwasaidia vipi wapate sare mbili mbili?

Soma, mjadiliane na wenzako, kisha mtende. Kazi njema.