Si Umri Peke Yake: Sigara, Uzee na Pumzi

Mlima wa kutoka shambani hadi kituo cha kuuzia majani chai haujarefuka. Ukiona siku hizi unaupanda kwa vituo, ukitua kikapu mara mbili tatu ili uvute pumzi, watu watakwambia, "Mzee, huo ni umri." Hapa Mogogosiek na Konoin yote jibu hilo limezoeleka. Ni nusu tu ya ukweli.

Mapafu hukomaa mtu akiwa na miaka 20 hadi 25. Kuanzia hapo, hewa anayoweza kuipuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza hupungua kwa takriban mililita 30 kila mwaka, yaani vijiko viwili vikubwa. Huo ndio uzee, na asiyevuta sigara huenda asiuhisi kifuani kwa miaka mingi. Mvutaji ambaye moshi umemdhuru hupoteza mililita 60 au zaidi. Si wavutaji wote wanaofika huko. Ndiyo maana haikosi babu aliyevuta kiko hadi miaka 90, na kila mvutaji anamjua kwa jina.

Tupige hesabu. Vijana watatu wa miaka 25 wanaweza kupuliza lita 4 kila mmoja. Asiyevuta atafika miaka 65 akiwa na lita 2.8. Mvutaji asiyeacha atabaki na 1.6, na huenda kupanda ngazi kukamkatisha pumzi. Wa tatu alivuta, akaacha akiwa na miaka 45: atafika na 2.2. Alichopoteza hakikurudi, wala hakitarudi, lakini tangu alipoacha alipoteza kwa kasi ya umri tu. Kwa hiyo anayesema "nimeshazeeka, kuacha kutanifaa nini?" ameipindua hesabu. Aliyebaki na pumzi kidogo ndiye wa kuilinda zaidi.

Kinachotokea ndani ni hiki: moshi huvimbisha njia za hewa na kuzijaza makohozi, kisha hubomoa vifuko vidogo ambamo damu huchukua hewa safi. Hewa huingia, lakini kutoka inakuwa shida. Uzee nao hulegeza mapafu na misuli ya mbavu, basi mawili hayo yakikutana, pumzi hupungua kwa kasi zaidi.

Tusiwasahau akina mama. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014, wanaume 15 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa wakivuta tumbaku. Wanawake hawakufika hata mmoja kati ya 100. Hata hivyo, mama ambaye hajawahi kushika sigara anaweza kupata ugonjwa huuhuu wa mapafu, kwa kupikia kuni miaka 40 katika jiko lililozibwa kila upande kwa sababu ya baridi ya huku kwetu. Tumia kuni zilizokauka, weka bomba la kutolea moshi na fungua dirisha unapopika, hata kama ni asubuhi ya ukungu. Na mzee, sigara yako ivutie nje, mbali na wajukuu, hadi siku utakapoiacha.

Ukiwa na miaka 40 au zaidi, unakohoa makohozi kila asubuhi, kifua kinalia filimbi na pumzi inakukatika, nenda zahanati. Watapima kwanza kifua kikuu, maana dalili zinafanana. Usikubali kuambiwa ni pumu kabla hujapuliza kwenye mashine ya kupima pumzi. Wakikuandikia rufaa ya hospitali ya Longisa au Tenwek, nenda. Dawa ya kuvuta kwa mdomo hufungua njia za hewa lakini haiponyi, na anayeitumia huku akivuta sigara anajipa nafuu kwa mkono mmoja na kuiondoa kwa mwingine. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuivuta, kwa sababu wengi huimalizia kinywani.

Midomo ikibadilika kuwa ya samawati, au mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.