Kwa Nini Ua wa Saiprasi Hunukia Zaidi Saa Nane Mchana

Mkazi wa Kinangop au Kipipiri anayepita kando ya ua wa saiprasi saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, hasikii harufu kubwa. Akirudi kwa njia iyo hiyo saa nane mchana mwezi wa Februari, harufu humfikia kabla hajaufikia ua wenyewe. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni joto na mwanga, na badiliko hilo linahusu pia moto ambao kila kiangazi huwatia hofu wanaoishi kando ya misitu ya Aberdare.

Saiprasi, msonobari (wengi huuita paini), podo na mwerezi, ule unaoitwa mutarakwa, ni wa kundi moja la miti isiyotoa maua. Mvinje wa Pwani, ambao wageni huudhania kuwa msonobari, haumo katika kundi hilo. Harufu ya saiprasi, msonobari na mwerezi hutokana na kemikali ziitwazo terpini, ambazo mti huzitengeneza na kuziweka akiba pamoja na utomvu wake, katika vifereji na vifuko vidogo ndani ya majani, gome na mbao. Inayojulikana zaidi ni alfa-pinini. Aliyewahi kunusa tapentaini halisi, ile inayotokana na utomvu wa msonobari, ameshakutana nayo.

Terpini ni kinga. Mti ukijeruhiwa, utomvu hutiririka na kuziba kidonda, nayo harufu kali huwafukuza baadhi ya wadudu. Mutarakwa ndio mfano ambao kila mkulima anaujua: nguzo yake hukaa ardhini miaka mingi bila kuliwa na mchwa, kwa sababu ya mafuta yaliyomo ndani ya mbao zake. Kinga hiyo ina mipaka, bila shaka. Vidukari wa saiprasi walipoingia Kenya mwaka 1990 walikausha nyua na mashamba ya miti katika maeneo mengi ya nyanda za juu.

Akiba hiyo haikai imefungwa kabisa. Kama mafuta ya taa katika chupa yenye kizibo kilicholegea, huvuja polepole kama mvuke, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyovuja kwa kasi. Mwaka 1993 mwanasayansi Alex Guenther na wenzake nchini Marekani walichapisha hesabu ambayo bado inatumika kukadiria mvuke huo. Kwa hesabu hiyo, kila joto linapopanda kwa takriban nyuzi 8 za Selsiasi, kiasi kinachotoka huongezeka maradufu. Tuchukue siku ya kiangazi ambayo alfajiri ni nyuzi 8 na mchana ni nyuzi 24. Kutoka 8 hadi 16 ni mara mbili. Kutoka 16 hadi 24 ni mara mbili tena. Ua ule ule unatoa mvuke mara nne ya ule wa alfajiri, bila kuongezewa hata jani moja. Wakati wa baridi ya Julai, joto lisipopanda sana hata mchana, harufu hubaki hafifu kutwa nzima.

Mwanga nao una kazi yake, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Jua linapochomoza huleta joto na mwanga kwa pamoja, kwa hiyo si rahisi kujua ni kipi kimefanya nini. Wanasayansi walitenganisha mambo hayo kwa kuipa miti hewa ya kaboni dayoksaidi yenye alama maalumu, kisha wakapima ni kiasi gani cha alama hiyo kilichotokea katika harufu. Mti ukitumia kaboni hiyo kutengeneza terpini papo hapo, alama huonekana mapema. Ukitoa akiba ya zamani, haionekani. Katika msonobari wa kaskazini mwa Ulaya ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya terpini zilizotoka mwangani zilikuwa zimetengenezwa wakati huo huo. Katika miti mingine ya kundi hilo sehemu kubwa ilitoka kwenye akiba.

Kwa hiyo mti una njia mbili. Ya kwanza ni akiba, ambayo hutii joto pekee na huendelea kuvuja hata usiku, mradi usiku wenyewe una joto. Ya pili ni utengenezaji mpya, ambao huhitaji mwanga kwa sababu hutegemea chakula ambacho jani linakitengeneza kwa nguvu za jua. Mkaratusi, blugamu tunaoujua wote, hutumia njia ya pili kutoa kemikali nyingine iitwayo isoprini: ukitiwa gizani, isoprini hukoma katika dakika chache. Akiba ya saiprasi haina habari na giza.

Mzazi au mwalimu anaweza kuonyesha jambo hilo kwa mitungi mitatu ya glasi yenye vifuniko. Katika kila mmoja weka matawi machache ya saiprasi yaliyokatwa sasa hivi, kiasi sawa. Mtungi wa kwanza uwekwe kivulini mahali penye baridi. Wa pili uwekwe juani. Wa tatu usimamishwe ndani ya sufuria ya maji vuguvugu na kufunikwa kwa kitambaa kizito cheusi. Baada ya nusu saa watoto wafungue na kunusa. Mtungi wa tatu haukuona mwanga, lakini utanukia kuliko ule wa kivulini. Hapo ni joto limetenda kazi peke yake.

Matawi hayo ya mitungini yanafundisha jambo jingine pia. Mti uliokatwa hutoa terpini nyingi kuliko mti mzima, kwa sababu vifereji vimepasuliwa. Ndiyo maana harufu hutapakaa kijiji kizima siku ya kupunguza ua, na ndiyo maana kiwanda cha mbao hujulikana kwa pua kabla hakijaonekana.

Hapa ndipo suala la moto linapoingia. Terpini huwaka kwa urahisi. Alfa-pinini ikiwa kimiminika hutoa mvuke unaoweza kushika moto ikifikia nyuzi 33 hivi, na majani yaliyolala kwenye udongo ulio wazi juani huweza kupata joto kuliko hewa inayoyazunguka. Chanzo kikubwa cha moto kuenea bado ni ukavu na upepo, lakini utomvu huongeza nguvu. Mwenye shamba aliyepunguza ua wake Januari akasema "haya ni mabichi, hayatashika" anajidanganya. Matawi mabichi ya saiprasi hushika moto upesi kuliko rangi yake inavyoonyesha.

Hatari zaidi ni ua wenyewe. Saiprasi inayokatwa kila mwaka hubaki kijani kwa nje tu. Ukiingiza mkono ndani utakuta majani ya kahawia, makavu, yamejazana tangu miaka iliyopita. Ua wa namna hiyo ukipakana na jiko la kuni upande mmoja na shamba la miti upande wa pili, cheche moja ina njia ya kupita. Saiprasi ya mbao huchukua takriban miaka 30 kukomaa. Ikiungua ina miaka 20, aliyeipanda huenda asiwe na nguvu za kuanza upya.

Wakazi wanashauriwa kupunguza nyua msimu wa mvua badala ya kungoja Januari na Februari, kutoa majani makavu yaliyonaswa ndani, na kuacha nafasi wazi kati ya ua na jiko. Matawi yaliyokatwa yasichomwe wakati wa kiangazi, na hasa mchana. Yakatwe vipande, yakaushwe mbali na nyumba, yatumike kama kuni. Ndani ya msitu wa umma, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto bila kibali, na hilo ni pamoja na warina asali na wachungaji wanaoota moto asubuhi.

Anayeona moshi msituni asingoje kuona ndimi za moto. Apige ripoti mara moja kwa kituo cha misitu kilicho karibu, kwa chifu au kwa msimamizi wa wadi, akitaja mahali na upande ambao upepo unaelekea.