Na mama watoto je? Mafunzo kutoka kwa jirani Mfursi



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo. Jambo lenyewe ni chakula cha usiku cha mume na mke, nje ya nyumba yao.

Nilianze kwa kisa changu mwenyewe. Hapa Mwanza hoteli moja ya ufukweni ilitangaza usiku maalumu wa mpishi mashuhuri, mmoja wa wale wanaoonekana kwenye televisheni wakikatakata vitunguu bila kutazama kisu. Mama Salma alilisikia tangazo hilo redioni, akaniambia kwa utani: "Baba Salma, nipeleke na mimi nikaonje mkono wa huyo bwana." Nikamjibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na watu wenye fedha za kuchezea.

Hakubishana. Aliniuliza tu: "Wiki iliyopita ulikula wapi?" Nikakumbuka. Jumanne nilikuwa kwenye semina ya walimu, tukala pilau, kuku na matunda. Alhamisi nilikaa na wenzangu kwenye mishkaki baada ya Isha. Jumamosi nilialikwa walima. Mara zote tatu nilirudi nyumbani nimeshiba na kukuta ugali na dagaa umefunikwa kwa sahani, nikasema leo sina njaa. Kisha akaongeza: "Mimi tangu tumeoana nimekula nje mara ngapi?" Nilijaribu kuhesabu. Miaka minane, na sikuifikia mara ya pili.

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu. Mlango wa haki za mke nimeufundisha mara nyingi mpaka naweza kuueleza bila kufungua kitabu. Lakini swali lile sikuwa na jibu lake.

MPISHI ALIYEMWALIKA MTUME (S.A.W.)

Katika Sahihi Muslim kuna Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa na jirani Mfursi, mtu aliyesifika kwa kupika mchuzi mzuri. Siku moja akapika, kisha akaja kumwalika Mtume. Mtume akataka kujua kama na Bi Aisha (r.a.) amealikwa. Yule bwana akasema hapana. Mtume naye akaukataa mwaliko. Mfursi akarudi mara ya pili, swali likawa lile lile, jibu likawa lile lile, na Mtume akakataa tena. Mara ya tatu yule jirani akakubali kuwa na Bi Aisha aje. Hapo ndipo wote wawili walipoinuka na kufuatana hadi nyumbani kwake.

Tuizingatie Hadithi hii. Hapa kuna fundi wa mapishi anayejulikana mtaani. Kuna chakula kizuri, nacho ni cha bure. Kuna mwaliko wa jirani, na sote tunajua uzito wa jirani katika Uislamu. Pamoja na hayo yote, Mtume (s.a.w.) hakuona vyema akashibe mchuzi mtamu huku mkewe amebaki nyumbani. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Hadithi hii, anaeleza kuwa Mtume alichukia kujihusisha peke yake na chakula kile bila Bi Aisha, na kwamba huo ni katika wema wa kuishi na mke na kutimiza haki ya usuhuba wao.

Sasa tujipime. Sisi tunaalikwa, au tunajialika wenyewe kwa fedha zetu, mara ngapi kwa mwezi? Na ni mara ngapi tumeuliza: na mama watoto je?

TONGE ILIYO SADAKA

Wapo watakaosema kuwa kumpeleka mke kula nje ni kuiga. Kuiga kubaya kupo, na nitakuja huko. Lakini asili ya jambo lenyewe haina tatizo. Katika Suratun Nisaa aya ya 19 Allah (s.w.) anawaamrisha wanaume waishi na wake zao kwa wema. Saad bin Abi Waqqas (r.a.), alipokuwa mgonjwa na akataka kuitoa mali yake yote sadaka, Mtume (s.a.w.) alimzuia asizidishe thuluthi, kisha akamfahamisha kuwa kila anachokitoa kwa kutaka radhi za Allah ana malipo yake, hata tonge anayoiweka kinywani mwa mkewe. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Aidha, Muslim amepokea kuwa katika dinari mtu anazozitoa katika njia mbalimbali za kheri, yenye malipo makubwa zaidi ni ile aliyoitumia kwa ahli zake. Na Bi Aisha mwenyewe amesimulia kuwa alipokunywa chomboni, Mtume alikuwa akikipokea na kuweka mdomo wake pale pale alipoweka yeye. Basi mwanamume anayeona haya kula sahani moja na mkewe aelewe kuwa haya hiyo ni mila yake tu. Hakuitoa katika Sunna.

TULIVYOKWENDA SISI

Tulikwenda. Bei ilikuwa shilingi 45,000 kwa mtu mmoja, na nakiri kuwa moyo wangu uliihesabu kwa madebe ya unga. Sahani ililetwa kubwa kama sinia, na katikati yake kipande cha sangara kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, kimezungushiwa mchuzi mweupe na kuwekewa jani moja juu. Mama Salma alikitazama, akanitazama mimi, akacheka. Nilikuwa sijaisikia cheko ile muda mrefu.

Kabla ya kupiga bismillahi alimuuliza mhudumu kilichomo kwenye mchuzi. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi na kusema: "Kuna mvinyo mweupe, lakini kidogo tu." Tukazirudisha sahani kwa upole, tukaomba sato akaangwe kwa mafuta safi, na limau na chumvi.

Mpishi mwenyewe akatoka kuja mezani kwetu. Hakukasirika. Aliomba radhi, akasema mtu akimuuliza humweleza, wala hana haja ya kuficha. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linaniuma: usiku ule wote sisi tulikuwa wa kwanza kuuliza. Nami nilipogeuza macho ukumbini niliona kofia na mitandio katika meza zisizopungua tatu.

TATIZO NI KUTOULIZA

Ndugu zangu, tusimlaumu mpishi. Yeye amefundishwa kuwa mvinyo ni kiungo kama siki. Lawama ni yetu sisi tunaojua hukumu, kisha tukaona aibu kufungua mdomo mbele ya kitambaa cheupe cha mezani. Mtu huyo huyo akienda kwa mama lishe atauliza hadi maji yamechotwa wapi, lakini akikaa kwenye kiti cha hoteli ya kitalii anakuwa bubu.

Yafuatayo ni mambo ya kuzingatia:

Kwanza, uliza mchuzi umewekwa nini, na mafuta yamekaangiwa nini kabla. Mafuta yaliyotumika kukaangia nguruwe hayawi safi kwa kuwa sasa yanakaanga viazi.

Pili, uliza kuhusu nyama, tena kwa adabu. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatujasahau mzozo wa kuchinja wa mwaka 2013, uliofikia hatua ya mtu kupoteza maisha kule Buseresere, Geita. Kuuliza aliyechinja ni haki ya Muislamu, lakini si ruhusa ya kumdhalilisha mhudumu au kuleta ugomvi. Ukitilia shaka, acha nyama ule samaki. Allah (s.w.) katika Suratu Fatir aya ya 12 anataja bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na kwamba kutoka katika zote mbili tunakula nyama laini. Sisi wa ziwani tumepewa fungu letu katika aya hiyo, na samaki hana haja ya mchinjaji.

Tatu, angalia meza. Tirmidhi amepokea katazo la mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Basi mwenye kupata mgahawa usiouza pombe asiutafute mwingine. Mjini kwetu ipo migahawa ya namna hiyo, ya Waislamu wa asili mbalimbali, na biriani yake haina mpinzani.

Nne, angalia saa. Chakula cha usiku kinachoipoteza Isha, au Maghrib kwa waliowahi kufika, ni cha hasara hata kikiwa halali tupu.

JINA LA MPISHI NA DHAHABU JUU YA NYAMA

Kuna jambo lingine la zama hizi, nalo ni kula jina. Mwaka 2017 mchinja nyama wa Kituruki, Nusret Gökçe, alipata umaarufu dunia nzima kwa picha fupi ya video inayomuonesha akinyunyiza chumvi kwa madaha, ikipitia kwenye kigasha chake. Huyu ni mtoto wa mchimba migodi, aliyeanza kazi buchani akiwa mdogo, na juhudi yake ni ya kupigiwa mfano. Lakini mgahawa wake wa London, uliofunguliwa mwaka 2021, ukavuma kwa nyama iliyofunikwa karatasi ya dhahabu, pande moja likiuzwa kwa zaidi ya paundi 1,000.

Dhahabu haina ladha, wala haimshibishi mtu. Aliyeinunua amenunua kuonekana. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hudhayfa (r.a.) katazo la kulia na kunywea vyombo vya dhahabu na fedha. Sitoi fatwa ya nyama hiyo, wenye elimu wapo. Nauliza tu: mtu aliyekatazwa sahani ya dhahabu atajisikiaje akiitafuna dhahabu yenyewe?

Mipaka tumewekewa. Suratul A'raf aya ya 31 inaruhusu kula na kunywa na inakataza israfu. Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu wasiofanya israfu wala ubahili, bali wanakaa kati kwa kati. Tuangalie: aya hii imekemea pande zote mbili. Anayekopa ili ampeleke mkewe kwa mpishi wa televisheni amekosea. Na anayemnyima mkewe hata soda ya ufukweni huku yeye akila mishkaki kila Alhamisi, naye amekosea. Suratut Talaq aya ya 7 imemaliza mjadala: kila mmoja atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Asiye na 45,000 anunue sato wawili mwaloni Kirumba, wachomwe, wachukue mkeka waende wakae mahali wanapoliona Jiwe la Bismarck. Mchuzi wa yule Mfursi haukuwa na dhahabu.

NANI AMEBAKI NA MIFUPA?

Tukila samaki wa ziwa hili tukumbuke na upande wa pili wa sahani. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na wakubwa wa kikoloni, na tangu miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vimekuwa vikisafirisha minofu yake Ulaya. Hapa nyumbani likabaki neno mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyoachwa baada ya mnofu kuondoka. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ililionesha jambo hilo kwa namna iliyozua mabishano makali, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani. Tuyaache mabishano hayo. Funzo letu ni hili: kila mnofu unaofika mezani una mtu aliyeuvua na hakuuonja.

Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awaangalie majirani zake. Imo katika Sahihi Muslim. Usiku ule sato wetu alikuwa mkubwa, tukabakisha nusu. Mama Salma akaomba afungiwe. Mhudumu akasita kidogo, kana kwamba katika hoteli ya namna ile haiombwi. Tulimpelekea jirani yetu mjane mwenye watoto watatu, na wakala usiku ule ule.

HITIMISHO

Ndugu yangu mume, kabla hujanihukumu kwamba nimeingiwa na usasa, hesabu wiki yako. Andika umekula wapi na nani, kisha andika na mkeo amekula wapi. Kama safu yako ni ndefu na yake ni neno moja tu, "jikoni", basi elewa kuwa umeaminishwa amana na hujaitimiza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mbora wetu ni aliye mbora kwa ahli zake. Wenzako wa mishkaki hawatakutolea ushahidi huo.

Nawe dada yangu, mume akikuuliza unataka kwenda wapi, mpime kwa uwezo wake, si kwa picha za simu za watu wengine.

Mwaliko ukija, awe ni jirani au rafiki, jizoeze lile swali la Mtume. Hata ukiulizia mara tatu si aibu. Aliyeuliza kabla yako ni mbora wa viumbe.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe riziki ya halali, atupe wake na waume watakaokuwa kiburudisho cha macho yetu, na atukusanye nao katika karamu ya Peponi isiyokwisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.