MacTaggart: Jina Lenye Maana ya "Mwana wa Padre"

Katika Marko 10:46 tunakutana na kipofu Bartimayo, na Mwinjili mwenyewe anatufafanulia kuwa ni mwana wa Timayo. "Bar" ni neno la Kiaramayo lenye maana ya mwana. Waskoti wanaosema Kigaeli nao wana neno lao, "Mac", linalofanya kazi ileile kama "bin" kwetu. Kwa mwanamke hutumika "Nic".

Asili ya jina

Kwa Kigaeli, MacTaggart huandikwa Mac an t-Sagairt. "Sagart" ni padre, neno lililotokana na Kilatini "sacerdos". Hapo katikati, herufi t inapowekwa mbele ya s, s haitamkwi. Ndiyo maana walioliandika kwa Kiingereza walisikia "Taggart" tu.

Padre alipataje mwana?

Hapa ndipo msomaji anaposhtuka. Lakini tukumbuke historia. Kabla ya mageuzi ya karne ya 11 na ya 12, mapadre wengi wa nchi za Kiselti walikuwa na wake, na mara nyingi kanisa na ardhi yake vilirithiwa na mwana. Hata cheo cha abate kilishikwa na walei wa ukoo mmoja. Jina Macnab maana yake ni "mwana wa abate". Mtaguso wa Laterano II, mwaka 1139, ulitamka kuwa ndoa ya padre ni batili, lakini mazoea hayakwisha kwa siku moja.

Mwenye jina hili anayejulikana zaidi ni Ferchar, aliyemsaidia Mfalme Alexander II kuzima uasi mwaka 1215. Baadaye alikuwa mtawala wa Ross na kuanzisha Abasia ya Fearn ya Wapremonstratensi.

Tunajifunza nini?

Kwanza, jina lilipokuwa la ukoo halikumtaja tena baba mzazi. MacTaggart wa leo si mtoto wa padre, wala hapaswi kuona aibu. Pili, sheria ya useja ilikuwa na sababu zaidi ya moja. Pamoja na kujitoa kwa Mungu kwa moyo usiogawanyika, ilizuia altare isigeuke shamba la urithi. Anayejiandaa kwa upadre ajiulize: je, parokia nitakayokabidhiwa nitaihesabu kuwa mali ya Kanisa, au ya jamaa zangu?