Kiumbe Asiye na Jina

Somo letu la mwezi huu latoka katika riwaya ya Kiingereza, Frankenstein, iliyochapishwa London mwaka 1818. Mwandishi wake, Mary Shelley, aliianza mwaka 1816 huko Uswisi, akiwa na umri wa miaka 18. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. Sivyo. Ni jina la Victor, mwanafunzi aliyemuumba. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina lolote.

Sisi tuliokuzwa kwa ngano za bibi twajua kwamba zimwi ni la kuuawa. Likifa, watoto hushangilia. Hakuna aulizaye lilikuwa na neno gani. Mary Shelley alifanya vingine. Katikati ya kitabu alimpa kiumbe sura kadhaa za kujieleza mwenyewe, na humo ndimo huruma yetu inamozaliwa. (Sinema mashuhuri ya mwaka 1931 ilimnyang'anya maneno hayo, ikamwacha akiguna tu. Aliyeona sinema hiyo peke yake bado hajakutana naye.)

Asemaje basi? Kwamba alipofumbua macho, muumba wake alimkimbia kwa sababu ya ubaya wa sura yake. Akahisi baridi, akajitwalia nguo, akatoka peke yake. Alijificha katika kibanda kando ya nyumba ya akina De Lacey, akawachungulia kwa miezi mingi, akajifunza kusema kwa kuwasikiliza, na usiku akawakatia kuni wasijue ni nani. Siku moja akaingia kwa mzee wa nyumba, aliyekuwa kipofu. Mzee akazungumza naye kwa upole, kama mtu na mtu. Kisha Felix, mwanawe, akarudi, akampiga kwa fimbo. Kiumbe alikuwa na nguvu za kumrarua, lakini hakumrudishia.

Kitabu kimoja alichookota ni Paradise Lost cha Milton, naye akajilinganisha na Adamu. Hebu tufungue Mwanzo 3. Adamu amekosa, amejificha. Hata hivyo Mungu anamwita, na kabla ya kumtoa bustanini anamvika mavazi ya ngozi. Victor hakumwita wake, wala hakumvika.

Tukiishia hapo, somo ni rahisi mno. Kiumbe huyu alimnyonga William, mtoto mdogo, ndugu yake Victor. Kisha akachukua picha aliyoivaa mtoto shingoni, akaitia katika nguo ya Justine, mtumishi wa nyumba, aliyekuwa amelala. Justine akashitakiwa, akanyongwa. Twaomba msomaji asiipite habari hii upesi. Aliyehukumiwa kwa sura yake amesababisha mwingine ahukumiwe kwa kitu kilichoonekana mfukoni mwake. Na Kanisa nalo limo: padri aliyemwungamisha Justine alimtishia kumtenga na moto wa jehanamu, mpaka akakiri kosa asilolitenda.

Kwa maoni yetu, wanaomtetea kiumbe huyu mara nyingi humsahau Justine, na wanaomlaani husahau ile fimbo ya Felix. Mwandishi hakusahau lolote. Mwishoni kiumbe analia juu ya maiti ya Victor, katika meli iliyo kwenye bahari ya barafu, anayataja makosa yake mwenyewe, na kuona kwamba kuomba msamaha sasa hakufai kitu. Huruma ambayo riwaya hii yatutaka tuwe nayo haimfutii mtu hesabu yake. Yatutaka tumsikilize mpaka mwisho, na hilo ni gumu kuliko kumlilia.

Kwa wanaosoma kwa vikundi: zungumzeni kwanza juu ya Felix. Aliingia akamkuta mtu wa kutisha ameyashika magoti ya baba yake kipofu. Angefanya nini? Kisha mwulizane juu ya Victor, ambaye aliamini kabisa kwamba Justine hana hatia, akaketi katika baraza la hukumu, akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mwenda wazimu.