SOMO: CHAKULA CHA NDEGE WA KIBANJANI

Waingereza wengi huwawekea ndege wa mwitu bustanini vidonge vya mafuta ya ng'ombe. Je, nasi hapa Bukoba na Muleba tufanye hivyo?

1. Kwa nini wao huweka mafuta? Majira ya baridi, usiku wa Uingereza hufikia saa 16, na wadudu huadimika. Ndege mdogo asiposhiba mchana, aweza kufa kwa baridi kabla hakujacha. Sisi tu karibu na ikweta. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Wadudu na matunda hayakosekani. Senene waangukapo mwezi wa Novemba, ndege hupata mafuta mengi bila msaada wetu. Tena, kwenye jua mafuta huyeyuka na kuchacha, nayo yakishika manyoya huyaharibu.

2. Hatari ya kulisha ovyo. Mwaka 2005 ugonjwa wa koo uliozuka Uingereza ulianza kuua chiriku wa kijani wengi. Huenea kwa chakula na maji machafu. Mwaka 2021 ndege hao waliingizwa katika orodha ya walio hatarini zaidi nchini humo. Kwetu, ndege wa mwitu wakila chombo kimoja na kuku, waweza kuwaletea kideri.

3. Basi tufanye nini?

(a) Tuiache mikuyu ndani ya kibanja. Hapo hondohondo, ninga na kuzumburu hujilisha wenyewe.

(b) Tukitaka kuwaona karibu, tuweke ndizi mbivu moja juu ya mti, mbali na kuku, na mabaki tuyaondoe kabla ya jioni. Maji yawe katika chombo kipana kisicho na kina. Tukisugue na kubadili maji kila siku.

(c) Tupunguze dawa za kuulia wadudu. Ni kweli mnana huchana majani ya migomba yetu ajenge kiota. Lakini mnana huyo huyo hulisha makinda yake wadudu.

(d) Watoto waweke manati chini. Hata Torati (Kumbukumbu la Torati 22:6-7) yakataza kumchukua mama ndege pamoja na makinda yake.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kibanjani kwenu ndege hula matunda ya miti gani? Ni ipi iliyokatwa?

2. Tutailindaje migomba bila kuwaua mnana?