Tundu, Kitundu au Kijicho? Somo Kutoka kwa Bastola ya Shabaha

Nilipokuwa mwaka wa tatu, tulipewa zoezi la kutafsiri kurasa mbili za Kifaransa juu ya bastola za mchezo wa kulenga shabaha. Baadhi ya wenzangu hawakufurahi. Kwa mtu aliyetoka Kivu, bastola si mchezo, na mmoja wao alimwambia mwalimu hivyo waziwazi. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba neno lililotafsiriwa vibaya halimlindi mtu yeyote. Niliyaona kuwa maneno ya darasani tu, mpaka makosa yangu mawili yaliponifundisha.

Kosa la kwanza lilichekesha. Kifaransa huita œilleton ile pete yenye tundu dogo ambayo mlengaji huchungulia ndani yake. Neno hilo lina asili katika œil, yaani jicho. Mimi nikaandika "bastola yenye kijicho". Darasa zima likacheka, kwani kijicho kwa Kiswahili ni husuda. Nilikuwa nimeipa silaha wivu wa jirani!

Kosa la pili halikuchekesha. Niliandika: "Kilengeo cha nyuma kina kitundu, kiwekwe karibu na jicho." Mwalimu aliuliza: "Kipi kiwekwe?" Sikuwa na jibu. Kilengeo na kitundu viko katika ngeli moja, kwa hiyo ki- inaweza kuwa ya chochote kati ya hivyo viwili. Matini asilia yalisema juu ya tundu linalofungwa kwenye miwani ya mlengaji. Msomaji wangu angeweza kuelewa kwamba alete kilengeo, pamoja na bastola yenyewe, mbele ya uso wake. Katika bastola nyingi za risasi, sehemu ya juu hurudi nyuma kwa nguvu kila inapofyatuliwa. Mtu angeweza kupoteza jicho kwa sababu ya silabi moja.

Ili kusahihisha, ilinibidi kwanza nielewe jambo lenyewe. Mlengaji ana vitu vitatu vya kutazama: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha. Jicho haliwezi kuviona vyote vitatu vizuri kwa mara moja. Tundu dogo likiwa mbele ya jicho hupunguza miale inayoingia, na vitu vya karibu na vya mbali huonekana vizuri zaidi kwa pamoja. Ndiyo maana bunduki za shabaha hutumia tundu: shavu likiegemea kitako, tundu linakuwa sentimita chache tu kutoka jichoni.

Bastola hushikwa mkono ukiwa umenyooshwa. Tufanye hesabu. Tundu la milimita 2 lililo sentimita 60 kutoka jichoni huonyesha, kwa umbali wa mita 10, eneo la upana wa milimita 33 hivi. Duara jeusi la shabaha ya bastola ya hewa lina kipenyo cha milimita 59.5. Kwa hiyo mlengaji haoni hata duara lote. Tundu hilohilo likiwa sentimita 5 kutoka jichoni huonyesha karibu milimita 400. Ukilipanua tundu la bastola ili duara lote lienee, inakubidi upite milimita 3.5, na hapo linakaribia upana wa mboni yenyewe au kuupita. Faida ya udogo imekwisha. Imebaki pete tu ya kulengea.

Tena, katika mashindano ya kimataifa ya ISSF bastola hutumia vilengeo vya wazi, yaani vya mwanya, si vya tundu. Mlengaji hukazia macho kilengeo cha mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu kidogo. Sababu yake ni hesabu pia. Kama vilengeo vimeachana sentimita 30, kile cha mbele kikikosea milimita 1 tu, risasi huhama milimita 33 hivi kwenye shabaha ya mita 10. Risasi iliyotakiwa kupata 10 hupata 6. Mwenye macho yaliyochoka kwa umri husaidiwa na lenzi inayofaa, au na tundu dogo kwenye miwani, kwa sababu hapo tundu liko mahali pake: karibu na jicho.

Ndugu msomaji, huhitaji silaha ili kuhakikisha. Toboa karatasi kwa pini, isogeze karibu sana na jicho moja, kisha soma herufi ndogo. Halafu nyoosha mkono na uchungulie tena katika tundu lilelile. Utaona mara moja.

Sasa turudi kwenye lugha. Kutoka kuchujia tumepata kichujio. Vivyo hivyo kutoka kulengea tunapata kilengeo. Kwa ile nafasi ya kuchungulia, shimo halifai, kwa kuwa hutufanya tufikirie kitu kilichochimbwa. Mwanya ni nafasi iliyo wazi upande mmoja, nao unafaa kilengeo cha wazi. Tundu ndilo neno letu tangu zamani: sindano ina tundu, ambamo uzi hupita. Na tundu lina upatanisho wake. Nikiandika "tundu la miwani liwekwe karibu na jicho, bastola ibaki mbali", li- na i- haziwezi kuchanganywa na yeyote.

Niliandika upya zoezi langu. Mwenzangu wa Kivu alilisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa hata mimi ningejua pa kuiweka mbali." Tangu siku ile, kabla ya kutoa tafsiri yoyote, najiuliza swali la mwalimu katika kila kiambishi: kipi?